Karatasi ya Tintin: Thamani Yake Ni Nini?

Tarehe 14 Januari 2021, katika nyumba ya mnada ya Artcurial mjini Paris, iliuzwa karatasi moja ya kuchorwa. Ni karatasi ya mraba, sentimita 34 kwa 34, nayo ina alama za mikunjo kama barua iliyokaa mfukoni siku nyingi. Juu yake amechorwa kijana mwenye shungi la nywele, amejificha ndani ya mtungi wa Kichina pamoja na mbwa wake mweupe. Nyuma yao joka jekundu limejikunja katika giza. Nyundo ilipopigwa, na gharama zote zilipojumlishwa, bei ilifika euro 3,175,400.

Ndugu msomaji, sikukosea kuandika tarakimu. Kwa fedha hizo mtu angejenga shule nyingi na kuezeka makanisa. Lakini zilitolewa kwa karatasi, wino na rangi ya maji. Basi tuulize bila hasira na bila kicheko: Waliona nini katika karatasi ile? Na sisi tuone nini?

Yule kijana ni Tintin, na mbwa wake ni Milou. Wengi wetu katika Kongo tulikutana nao tulipokuwa wadogo, katika kabati ya vitabu ya shule au ya misioni. Tulikuwa hatujui Kifaransa vizuri, lakini picha zilituongoza, nasi tuligombania zamu ya kushika kitabu. Kwa hiyo sisemi hapa habari za mgeni.

Tena Tintin alizaliwa katika nyumba ya Wakatoliki. Alitokea mara ya kwanza tarehe 10 Januari 1929 katika Le Petit Vingtième, gazeti dogo la watoto lililotolewa na gazeti la Kikatoliki la Brussels, Le Vingtième Siècle. Mkubwa wa gazeti hilo alikuwa Padri Norbert Wallez. Mchoraji alikuwa kijana wa miaka 21, Georges Remi, aliyejiita Hergé. Mtoto akizaliwa nyumbani mwetu, ni haki yetu kumsifu, na ni wajibu wetu kumwonya.

Karatasi ya joka ilichorwa mwaka 1936, ili iwe jalada la kitabu Le Lotus bleu. Lakini haikutumiwa. Kuchapa rangi zote zile kulikuwa na gharama kubwa mno, kwa hiyo Hergé alichora jalada jingine lenye rangi chache. Jamaa ya mchapaji Casterman wamesimulia kwamba mchoraji alimpa mtoto wao, Jean-Paul, mwenye umri wa miaka 7, karatasi ile iliyokataliwa. Mtoto akaikunja, akaiweka katika mtoto wa meza. Humo ikakaa miaka mingi.

Huo si mnada wa pekee. Mwaka 2014 karatasi yenye picha ndogo 34 za Tintin na Milou, iliyochorwa mwaka 1937 kwa kurasa za ndani ya majalada, ilinunuliwa kwa euro zaidi ya milioni mbili na nusu. Mwaka 2016 ukurasa mmoja wa kitabu cha safari ya mwezini ulifika euro milioni moja na nusu. Wanaotoa fedha hizo ni watu wazima ambao zamani walikuwa watoto. Mtu amefanya kazi, amepata mali, nywele zimekuwa mvi. Sasa anataka kurudishiwa ile jioni alipolala kifudifudi sakafuni na kitabu mbele yake, mama yake akiita na yeye hasikii. Jioni ile haiuzwi katika soko lolote. Karatasi inauzwa. Basi ananunua karatasi.

Siwacheki watu hao. Kukumbuka utoto kwa shukrani si dhambi. Lakini mpenzi wa picha asichanganye mambo mawili: bei ya kumbukumbu, na uzuri wa kazi. Tukitaka kuhukumu kazi, hatuna budi kuitazama kazi yenyewe.

Tulinganishe majalada yale mawili. Katika karatasi iliyokataliwa, joka ni jekundu na giza ni jeusi. Rangi zimepakwa kwa uangalifu mwingi, na jicho linazunguka polepole kutoka joka hadi mtungi, kutoka mtungi hadi uso wa kijana. Katika jalada lililochapwa, mambo yamegeuzwa: joka ni jeusi, na nyuma yake ni wekundu mtupu. Kwa maoni yangu, lile la pili ni bora kama jalada. Linapiga kelele kutoka mbali. Mtoto apitaye dukani hawezi kuliacha. Umaskini wa rangi ulimlazimisha mchoraji kusema neno moja tu, naye akalisema vizuri. Kumbe karatasi ya mamilioni ndiyo iliyoshindwa, na iliyoshinda ni ile tuliyoishika sote kwa fedha kidogo! Bei haituambii ipi ni bora. Inatuambia tu ipi ni moja peke yake duniani.

Je, karatasi ya asili haina faida yoyote kupita ile ya kuchapwa? Inayo, tena kubwa. Faida ya kwanza ni kwamba inaonyesha kazi.

Picha za Hergé zinasifiwa kwa mstari wake safi: mstari mweusi, wa unene mmoja, usio na kivuli wala mkwaruzo. Mtoto akiutazama katika kitabu anadhani ulitoka mkononi kwa mara moja, kama maji yanavyotoka katika bomba. Sivyo hata kidogo. Kwanza mchoraji alichora kwa kalamu ya risasi, akarudia, akakwaruza, mistari ikawa mingi kama majani ya kichaka. Halafu akachagua mstari mmoja kati ya hiyo yote, ule wenye uhai kuliko mingine, akauandika upya kwa wino mweusi juu ya karatasi nyingine. Mahali palipokosewa akapaka rangi nyeupe, akachora tena juu yake. Tangu vitabu vilipoanza kutoka kwa rangi mwaka 1942, rangi zenyewe hazikupakwa juu ya karatasi ya wino. Zilipakwa juu ya nakala nyingine iliyochapwa hafifu, na mashine ikaziunganisha mbili hizo. Kwa hiyo ukurasa wa asili wa vitabu hivyo mara nyingi ni mweusi na mweupe tu, tena mkubwa kuliko ule wa kitabu. Mtu atafutaye bahari ya buluu ya utoto wake hataikuta hapo. Atakuta jasho.

Mimi nasema hayo ni mafundisho mema. Bwana wetu mwenyewe alikaa miaka mingi katika karakana ya Nazareti kabla ya kusema na makutano. Kitabu kilichochapwa kinatuonyesha meza iliyokwisha pigwa randa. Karatasi ya asili inatuonyesha maranda sakafuni. Kijana wetu anayetaka kuchora, na anayekata tamaa kwa sababu mstari wake wa kwanza ni mbaya, angefaa aonyeshwe karatasi kama hiyo. Angejua kwamba hata mstari wa kwanza wa bwana mkubwa ulikuwa mbaya.

Karatasi inaonyesha na jambo jingine ambalo wanunuzi hawapendi kulisikia: kwamba mkono haukuwa mmoja. Katika miaka ya vita Edgar P. Jacobs alimsaidia Hergé kutengeneza upya vitabu vya zamani na kuvitia rangi. Mwaka 1950 Hergé alifungua karakana yake, Studios Hergé, na humo Bob de Moor na wenzake walichora mashine, nyumba na mandhari kwa miaka mingi. Ukurasa wa safari ya mwezini ni wa wakati huo. Mtu anatoa mamilioni ili apate mkono wa bwana mmoja. Kumbe ananunua kazi ya karakana nzima, ambamo majina mengi hayakuandikwa juu ya jalada. Nasi tunajua habari hiyo. Ni makanisa mangapi yana jina la mjenzi mmoja ukutani, na waliobeba matofali hawakuandikwa?

Sasa nafika kwenye faida ya pili, iliyo ngumu zaidi: karatasi ni shahidi.

Baada ya safari ya Urusi, Tintin alitumwa Kongo. Padri Wallez alitaka watoto wa Ubelgiji waipende koloni. Hadithi ikatoka katika gazeti lile mwaka 1930 na 1931, na kitabu kikatoka mwaka huo wa 1931. Hergé hakuwa amefika Kongo. Alichora kutoka katika magazeti, katika mawazo ya watu waliomzunguka, na katika vitu vya makumbusho ya Tervuren. Mtu-chui wake alitokana na sanamu iliyowekwa huko. Matokeo yake tunayajua. Watu wetu wamechorwa na sura moja, midomo mikubwa, macho ya kushangaa. Wanasema kwa lugha iliyovunjika. Hawawezi kazi bila kijana mgeni kuwaamuru. Katika darasa la misioni Tintin anawafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Mmisionari mwenye ndevu ndefu ndiye mwema wa hadithi, naye anamwokoa Tintin katika hatari ya mamba.

Sisi tuliosoma kitabu hicho utotoni tulifanya nini? Tulicheka. Tulijiona kuwa Tintin, wala hatukujiona kuwa wale wengine. Nilipokuwa mtu mzima nilikifungua tena, nikaona aibu ya namna mbili: kwa ajili ya aliyechora, na kwa ajili ya mtoto yule aliyecheka. Ndipo nilipofahamu kwamba kupenda kitu cha utoto hakutoshi. Upendo usioweza kupima unabaki mtoto.

Mwaka 1946 kitabu kilitolewa upya kwa rangi. Somo la darasani likabadilishwa: Tintin hafundishi tena habari ya Ubelgiji, bali anafundisha hesabu ya kujumlisha. Sura za watu zikabaki karibu zile zile. Mwaka 2007 Mkongo aliyekaa Ubelgiji, Bwana Bienvenu Mbutu Mondondo, alikipeleka kitabu hicho mbele ya mahakama ya Brussels. Mwaka 2012 mahakama ilikataa kukipiga marufuku. Hergé mwenyewe, alipokuwa mzee, alikiri kwamba alikuwa amechora kwa mawazo mabaya ya wakati wake na ya watu wa kwao.

Hapo ndipo kazi ya mkusanyaji inapopata maana. Kitabu kinaweza kusahihishwa kila kinapochapwa upya, na anayesoma leo hajui kilichoondolewa. Karatasi ya kwanza haisahihishwi. Inashuhudia kwamba ilikuwa hivi, siku ile, kwa mkono huu. Wapo wanaosema karatasi na vitabu vya namna hiyo vichomwe. Mimi sikubali. Anayekwenda kuungama hafuti kumbukumbu yake mlangoni, anaingia nayo. Tukichoma ushahidi, watakaokuja nyuma yetu watadhani hatukutukanwa kamwe, au watadhani kwamba aliyetutukana hakuweza kubadilika.

Maana alibadilika, na karatasi ile ya joka ndiyo shahidi wa badiliko hilo. Ilipojulikana kwamba safari ifuatayo ya Tintin ingekuwa katika nchi ya China, Padri Gosset, aliyekuwa mlezi wa wanafunzi Wachina katika chuo cha Louvain, alimwandikia Hergé akimwomba asiwachore Wachina kwa dharau, bali atafute kwanza kuwajua. Mwaka 1934 akakutana na Zhang Chongren, Mkatoliki kutoka Shanghai, mwanafunzi wa sanaa mjini Brussels, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1907 kama yeye. Wakakaa pamoja mara nyingi. Zhang alimfundisha habari za watu wake, na maandishi ya Kichina yanayoonekana kwenye kuta za kitabu ni maandishi ya kweli. Baadhi yake yanalaumu ubeberu na mikataba ya dhuluma. Ndani ya hadithi Tintin anamwokoa mtoto Tchang katika mto, na wote wawili wanacheka upuzi ambao kila taifa linasema juu ya taifa jingine. Marafiki hao walitengana mwaka 1935, Zhang aliporudi kwao, wakaonana tena mwaka 1981, walipokuwa wazee.

Linganisha sasa, ndugu msomaji. Mchoraji ni yule yule, gazeti ni lile lile, na kati ya vitabu hivyo viwili ni miaka michache tu. Tofauti si ya kalamu. Katika kitabu cha pili mchoraji alikuwa na rafiki wa kumwambia, "Hapana, kwetu si hivyo." Katika kitabu cha Kongo hakuna hata ukurasa mmoja wenye alama ya rafiki kama huyo. Kitabu kimoja kilianza na wazo la padri aliyetaka koloni ipendwe; kingine kiliokolewa na barua ya padri aliyetaka watu waheshimiwe. Hayo yote ni ya nyumba yetu, mema na mabaya. Na karatasi iliyofika euro milioni tatu ni tunda la urafiki ambao haukumgharimu mtu hata senti moja.

Labda msomaji mwingine atasema: "Hata hivyo, fedha hizo zingewafaa maskini." Ni neno zito. Lakini tunakumbuka kwamba katika Injili neno kama hilo lilisemwa pia juu ya mwanamke aliyemwaga manukato ya thamani, na Bwana wetu hakumlaumu mwanamke. Gharama si dhambi yenyewe. Tuangalie manukato yanakwenda wapi. Yule mwanamke aliyamwaga, na nyumba nzima ikanukia. Mnunuzi anayefunga karatasi katika sanduku la benki akingoja bei ipande, huyo amezika talanta yake ardhini. Yule anayeitundika mahali ambapo mtoto wa maskini anaweza kuitazama, huyo amefungua chupa. Hergé alikufa mwaka 1983, na kwa juhudi za mjane wake makumbusho ya kazi zake yalifunguliwa Louvain-la-Neuve mwaka 2009. Humo karatasi nyingi za mkono wake zinaonekana na watu wote wanaoingia. Hiyo ni njia njema.

Nasi je? Tusidhani kwamba habari hii ni ya Wazungu na mali zao tu. Katika miaka ya 1950 Padri Alexandre Van den Heuvel, wa shirika la Scheut, alitengeneza katika Kongo filamu za michoro juu ya Mboloko, yule swala mdogo mwerevu wa hadithi zetu. Mwaka 1968 vijana wa Kinshasa walianzisha gazeti la hadithi za picha, Jeunes pour Jeunes. Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, alichora katika Madame Livingstone, kitabu cha mwaka 2014, vita vya kwanza vya dunia kwenye Ziwa Tanganyika. Humo Kongo imechorwa na mkono wa Mkongo, na kila mtu ana uso wake mwenyewe. Papa Mfumu'eto alichora kwa Kilingala vitabu vidogo vilivyouzwa kando ya barabara za Kinshasa. Leo mtu akitaka kuona karatasi zake za asili, nyingi atazikuta katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Huko zinatunzwa vizuri, nasi tushukuru. Lakini tujiulize kwa nini zilipaswa kwenda mbali hivyo ili zipate kabati kavu.

Mkusanyaji si lazima awe tajiri. Katika parokia zetu wapo katekista waliochora picha za mafundisho, walimu waliochora mabango, vijana waliochora kwa magazeti ya misioni. Mara nyingi, picha ikiisha kuchapwa, karatasi yake inafungia karanga au inawashia moto. Mwenye kutaka kuitunza afanye hivi: ailaze bila kuikunja, katikati ya karatasi mbili safi, aiweke mbali na jua, moshi, maji na mchwa, asiibandike kwa gundi wala utepe, maana utepe unaacha doa lisilotoka. Aandike kando, si juu ya picha, jina la mchoraji, mwaka na mahali. Tena amlipe mchoraji kwa haki, akijua kwamba kununua karatasi si kununua ruhusa ya kuichapa. Na ikiwa picha ni ya aibu, kama vile picha iliyodharau kabila jingine, asiichane. Aiweke, aandike kando yake kwamba tulikosa.

Mtoto yule wa Casterman aliikunja karatasi kwa sababu hakuijua bei yake; aliipokea kama zawadi ya mtu mkubwa kwa mdogo. Ikiwa mtoto wako wa miaka 7 amekuletea leo picha aliyochora kwa mkaa nyuma ya daftari, usiitupe kabla hujaitazama vizuri. Halafu muulize ni nani aliowachora, na kama amewahi kukaa na watu hao.